TV kwenye gesti za Masasi: swichi ipi, kwa bei gani, na lipi usilipie

Korosho zikianza kuingia maghalani mwezi Oktoba, vitanda vya Masasi huwa haba. Wanunuzi, madereva wa malori, watu wa vyama vya ushirika, wakaguzi wa ubora na maofisa wa benki wote hutafuta chumba karibu na ghala au karibu na stendi, na mnada ukisogezwa mbele siku mbili, nao wanakaa siku mbili zaidi. Mgeni wa aina hii haulizi kama kuna bwawa la kuogelea. Anauliza kama maji yapo, kama feni inazunguka, na kama mechi ya Simba na Yanga ataiona akiwa kitandani au itabidi ashuke baa.

Mwenye gesti akitaka TV kila chumba, mafundi watatu watamletea profoma tatu zisizofanana hata kidogo. Wa kwanza anaandika ving'amuzi ishirini. Wa pili anaandika kebo ya dishi, spilita na modyuleta. Wa tatu, mara nyingi kijana aliyesomea mtandao, anaandika IPTV: enkoda, kebo za Cat6, na swichi kubwa "yenye uelekezaji wa multikasti". Mstari huo wa mwisho ndio unaopandisha bei, na ndio ambao mwenye gesti haelewi, kwa hiyo anaulipa kwa heshima ya elimu. Nimeandika haya kwa ajili ya mstari huo.

Kwanza hesabu. Tuchukue gesti ya vyumba 20, Masasi mjini au Newala, na chaneli 6 ambazo wageni wanazitaka kweli. Tuseme kifurushi cha king'amuzi kimoja ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni namba ya mfano tu, weka ya kwako. Bei za vifaa nimezitaja kwa dola kama zinavyoorodheshwa na watengenezaji au zinavyoonekana kwenye maduka ya mtandaoni, nikazigeuza kwa shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Juu yake ongeza VAT ya asilimia 18, nauli ya mzigo na faida ya muuzaji.

Njia ya king'amuzi kila chumba haihitaji akili nyingi. Kila mgeni ana rimoti yake na chaneli zote za kifurushi. Lakini 20 mara 20,000 mara miezi 12 ni shilingi 4,800,000 kila mwaka, na utazilipa hata Machi, vyumba vikiwa nusu tupu. Unaweza kuvizima vingine msimu ukiisha, ila sijaona gesti yenye mtu wa kufuatilia tarehe ishirini tofauti za kuisha vifurushi. Ukiwa na vyumba vitano, usisome zaidi. Chukua njia hii.

Njia ya pili na ya tatu zinafanana kwa jambo moja: king'amuzi kinakuwa kwa chaneli, si kwa chumba. Ving'amuzi 6 vinakaa ofisini, kila kimoja kimefungwa kwenye chaneli yake, na picha inasambazwa kwenda vyumba vyote. Ada ya mwaka inashuka hadi 1,440,000. Tofauti ya shilingi 3,360,000 ndiyo inayolipa vifaa. Hapa kuna tahadhari ambayo mafundi hawaitaji: kifurushi cha nyumbani si cha biashara. Kampuni za televisheni za kulipia zina mikataba ya hoteli na baa, na kuonyesha kazi za wasanii hadharani nako kunahitaji kibali. Piga simu uulize bei ya biashara kabla hujanunua waya hata mita moja, maana bei hiyo inaweza kugeuza hesabu yote.

Kwa njia ya kebo, modyuleta moja ya kidijitali inayopokea HDMI inapatikana kwa dola 100 na ushee hadi 200. Sita kwa wastani wa 150 ni dola 900, yaani 2,250,000. Kebo ya dishi inapita ukutani, spilita zinagawa, amplifaya inasukuma, na TV yenye tyuna ya kidijitali ndani yake inatafuta chaneli yenyewe kama inavyotafuta za hewani. Hakuna swichi, hakuna anwani, hakuna boksi chumbani. Fundi yeyote wa dishi pale mjini anaweza kuikarabati usiku. Vijana wa mtandao huidharau njia hii kwa sababu ni ya zamani. Kwa gesti ya vyumba 12 yenye jengo moja na chaneli nne, mimi ningeichagua bila kujadili.

Njia ya IPTV inaanza na enkoda: kiboksi kinachochukua HDMI ya king'amuzi na kuigeuza kuwa mkondo wa data. Zile za kawaida za Kichina zinauzwa kati ya dola 80 na 150. Sita kwa 100 ni dola 600. Kila TV inahitaji boksi la Android la dola 30 hadi 40, isipokuwa TV ikiwa na uwezo wa kufungua programu kama VLC yenyewe. Ishirini kwa 35 ni dola 700. Swichi ya poti 24, dola 200. Jumla dola 1,500, au 3,750,000 kabla ya VAT, kebo na ufundi. Ukilinganisha na ving'amuzi ishirini, vifaa hivyo vinarudisha gharama yake baada ya mwaka mmoja na kidogo.

Kwa nini basi mtu achague IPTV, wakati kebo ni nafuu? Kwa sababu waya ule ule wa Cat6 unabeba Wi-Fi ya wageni, kamera za geti, simu ya mapokezi na mashine ya kutolea risiti. Anayejenga upya na bado hajapiga plasta anavuta waya mmoja badala ya miwili. Anayetarajia kuongeza jengo la pili msimu ujao anaongeza swichi, haongezi amplifaya. Na picha haitegemei intaneti: mkondo unatoka kwenye dishi la juu ya paa lako na unaishia chumbani kwako. Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa, mfumo wa namna hii haukuwa na sababu ya kuyumba.

Sasa tuje kwenye swichi, maana hapo ndipo pesa zinapotea.

Mkondo wa chaneli moja ya picha safi ni kama megabiti 6 kwa sekunde. Siku ya watani wa jadi, vyumba vyote 20 vinafungua chaneli moja. Enkoda ikimtumia kila mtazamaji nakala yake, hiyo ni megabiti 120, na kiboksi cha dola 100 hakitaweza. Multikasti inatatua hilo: enkoda inatuma mkondo mmoja tu kwenye anwani ya kundi, mathalani 239.10.10.1, na kila TV inayoutaka inapeleka ombi dogo la kujiunga. Ombi hilo ni la itifaki ya IGMP, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1989 na la tatu, linalotumika sana leo, mwaka 2002. Nakala zinazalishwa na swichi, poti kwa poti. Watazamaji wawe watatu au ishirini, enkoda inatoa megabiti 6 zile zile.

Swichi ya kawaida isiyosetiwa haielewi maombi hayo. Inachukua mikondo yote sita, megabiti 36, na kuimwaga kwenye kila poti. Ajabu ni kwamba TV hazilalamiki. Hata poti ya zamani ya megabiti 100 inazibeba. Anayeumia ni Wi-Fi. Kifaa cha Wi-Fi hurusha multikasti kwa kasi ya chini kabisa kinayoiruhusu, ili simu ya mbali nayo ipate, na hakisubiri jibu kwamba imefika. Megabiti 36 zikimwagwa humo, hewa inajaa, wageni wanasema intaneti imekufa, na mwenye gesti anakwenda kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Analipa kila mwezi kwa tatizo lililo ndani ya ukuta wake.

Dawa yake ni swichi ya kusimamiwa, ile mafundi wanayoiita menejidi, yenye uwezo wa kusikiliza maombi ya IGMP na kupeleka mkondo kwenye poti iliyouomba tu. Kwenye menyu utaona maneno IGMP Snooping. Uwezo huo umeshuka bei sana. Hata TP-Link TL-SG108E, swichi ya poti 8 ya dola 30 na ushee, inao. Lakini kusikiliza peke yake hakutoshi, na hapa ndipo swichi za bei ya chini zinapomwangusha mnunuzi. Swichi inayosikiliza inahifadhi orodha ya waliojiunga, na kila jina kwenye orodha lina muda wake wa kuisha. Lazima awepo wa kuuliza mara kwa mara nani bado anatazama, kama balozi wa nyumba kumi anavyopita kuhakiki wakazi wake. Kazi hiyo kwenye menyu inaitwa IGMP Querier. Kwa kawaida swali hutoka kila sekunde 125, na jina lisilojibu hufutwa baada ya sekunde 260.

Kwa hiyo mtandao usio na muulizaji una dalili yake ya pekee: picha inaanza vizuri, fundi anakunja vifaa vyake, anapewa soda, anaondoka, na baada ya dakika nne na sekunde chache picha inaganda. Ukibadilisha chaneli na kurudi, inapona kwa dakika nne nyingine. Wengi hulaumu boksi, wakanunua maboksi mengine. Ukikutana na dalili hii, usinunue chochote. Tafuta muulizaji yuko wapi. TL-SG108E haina kazi hiyo, kwa hiyo inafaa tu kama tawi, chini ya swichi au ruta nyingine inayouliza.

Katika daraja la dola 200 kuna chaguo tatu ambazo mtu wa Masasi anaweza kuagizia Dar es Salaam. MikroTik CRS326-24G-2S+ ina poti 24, haina feni, inakula umeme usiozidi wati 24, na kwa RouterOS, programu yake ya uendeshaji, inasikiliza na kuuliza pia. Ila vyote viwili vimezimwa inapotoka kiwandani, na menyu zake zinataka mtu aliyezizoea. UniFi USW-24 ya Ubiquiti, ambayo bei yake ya orodha ni dola 225, ina kurasa za kupendeza na inasimamiwa kwa programu, jambo linalomsaidia fundi aliyeko Mtwara mjini kuirekebisha bila kupanda basi. TP-Link zenye jina la JetStream, kama SG3428, ziko katikati: muulizaji yupo, menyu zinaeleweka, na vipuri si shida Kariakoo. Mimi kwa gesti ningechukua TP-Link hiyo kama fundi ni wa kawaida, na MikroTik kama fundi anaijua kweli. Tofauti yao ya bei ni ndogo kuliko nauli ya kumrudisha fundi mara ya pili.

Kuna chaguo la nne ambalo huja kama bahati: Cisco Catalyst iliyotumika, kubwa, nzito, iliyotolewa kwenye ofisi fulani, kwa bei ya kutupa. Iwashe kwanza. Ina kelele ya feni usiyotaka karibu na chumba cha mgeni, na nyingi za zamani zinakula wati 100 hivi saa zote. Wati 100 kwa mwaka ni yuniti 876. Kwa luku ya shilingi 356 kwa yuniti ni karibu shilingi 312,000, wakati ile ya wati 24, hata ikila kiwango chake cha juu mwaka mzima, haifiki 75,000. Baada ya miaka miwili bei ya kutupa imekwisha, na swichi bado ina feni inayokusanya vumbi jekundu la Newala.

Sasa lile neno lenyewe, uelekezaji. Kusikiliza na kuuliza kunafanyika ndani ya mtandao mmoja. Uelekezaji wa multikasti ni kuvusha mkondo kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, tuseme kutoka VLAN ya TV, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile, kwenda VLAN ya wageni. Itifaki inayotumika sana ni PIM, na hali yake ya kawaida inahitaji sehemu ya makutano iliyotajwa kwa anwani, njia sahihi ya kurudi kwenye chanzo, na pakiti ambazo muda wake wa kuishi, TTL, ni zaidi ya 1. Enkoda nyingi na programu ya VLC huanza na TTL ya 1, kwa hiyo hata PIM ikisetiwa vizuri, pakiti hufa mlangoni, na fundi anaweza kumaliza siku nzima akitafuta kosa kwenye swichi isiyo na kosa.

Bei nayo inaruka. Kwa Cisco za sasa, kama Catalyst 9200, uelekezaji kamili wa multikasti unakuja na leseni ya daraja la juu, na kifaa chenyewe kinapita dola 1,000 kirahisi. MikroTik niliyoitaja ina PIM bila leseni ya ziada, lakini kazi hiyo inafanywa na prosesa yake ndogo, si na chipu ya swichi. Mikondo miwili mitatu itapita, ukiizidisha utaona picha inakatakata.

Na gesti inauhitaji uelekezaji huo? Weka enkoda na TV zote kwenye VLAN moja, Wi-Fi ya wageni kwenye ya pili, kamera kwenye ya tatu. Mkondo wa TV hauna safari ya kwenda kokote. Mgeni anayetaka kutazama kwa simu hatasaidiwa na PIM, kwa sababu atapokea multikasti ile ile inayoua Wi-Fi. Huyo mpe mkondo wa peke yake kutoka kwenye enkoda, au mwache atumie bando lake.

Anayeuhitaji ni mwenye majengo mengi na mitandao iliyotenganishwa kwa sababu za kweli. Fikiria taasisi yenye ukubwa wa misheni ya Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906 na yenye hospitali ndani yake: wodi, chuo na nyumba za watumishi haviwezi kukaa kwenye mtandao mmoja, na ibada au mafunzo yakitakiwa kuonekana kote kwa wakati mmoja, mkondo lazima uvuke. Hapo lipa swichi ya leya ya tatu, yaani inayoelekeza kati ya mitandao, lipa na mtu anayejua PIM, na unganisha majengo kwa faiba badala ya shaba. Radi za Januari hazijali leseni.

Maghala ya korosho yameingizwa kwenye soko hili la swichi za multikasti pia. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika kwa korosho mkoani Mtwara tangu 2007, unalifanya kila gunia kuwa dhamana, na maghala yanayohudumia wakulima wa vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU yana kila sababu ya kuwa na kamera. Lakini kamera nane zinazorekodi kwenye mashine moja hazina haja ya multikasti hata kidogo. Kila kamera ina mtazamaji mmoja. Multikasti inaanza kuwa na maana skrini za kutazama moja kwa moja zikiwa nyingi.

Ukishanunua, yapo machache ya kumsimamia fundi. Anwani za makundi zitoke kwenye 239, ila akwepe zinazoanza na 239.0.0 na 239.128.0, kwa sababu kwenye kiwango cha chini zinaonekana kama anwani za itifaki ambazo swichi humwaga kila poti, kadhalika 239.1.1.1 na 239.129.1.1 huonekana kitu kimoja, na chaneli mbili zinaweza kufuatana chumbani. Muulizaji apewe anwani ya IP ndani ya VLAN ya TV. Uwezo wa kuondoka haraka, yaani swichi kukata mkondo mara TV inapojitoa, uwashwe pale poti moja ina TV moja, na uzimwe pale poti inalisha swichi ndogo yenye TV kadhaa, la sivyo chumba kimoja kikizima, jirani naye anapoteza picha. Nakala ya mipangilio ibaki kwako kwenye flashi, si kwenye laptopu ya fundi. Na uliza kama kifaa kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na nani anabeba gharama ya kukirudisha Dar kikiharibika ndani ya waranti. Kutoka Masasi kupitia Mingoyo ni safari ya kutwa nzima, na swichi ikienda, TV zote zimelala. Anayeweza, aweke swichi ndogo ya akiba.

Malipo ya mwisho usiyatoe picha inapoonekana. Yatoe baada ya chaneli moja kuachwa wazi kwa dakika kumi bila kuguswa rimoti, huku simu yako ikivuta video kwenye Wi-Fi. Jaribio hilo halina gharama na linafichua muulizaji asiyekuwepo na mikondo inayomwagwa.

Na profoma ikija ina neno PIM au swichi ya leya ya tatu, mwambie fundi akuchoree mtandao wako kwenye karatasi na akuonyeshe kwa kalamu ni mkondo upi unaovuka kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Kama hana wa kuonyesha, futa mstari huo.